Nimelifua Gauni la Marehemu, Mteja wa Ng'ambo Hajui

Mpendwa mshauri, nakuandikia kuomba msaada nikiwa roho juu, na nakusihi usinicheke kabla hujafika mwisho, maana barua hii nimeianza mara tatu na mara zote nimeishia kuichana, kwa kuwa jambo lenyewe ukilisema haraka haraka linasikika kama upuuzi, mtu amefua nguo, basi, lakini mimi tangu siku hiyo nimekonda mpaka sketi naifunga kwa pini, na sindano, hii inayonilisha, naishika naiweka tena mezani.

Mimi ni mwanamke wa makamo, nina mume fundi bomba na watoto watatu, na kazi yangu ni kushona wanasesere. Wa kuchezea watoto nashona, lakini kilichonipa jina mtaani kwetu ni wanasesere wa kumbukumbu, yaani mtu amefiwa, amebaki na shati la baba yake au kitambaa cha kichwa cha bibi yake, kugawa hataki na kuvaa hawezi, ananiletea mimi, nakata, nashona mwanasesere anayekaribiana na marehemu, nywele za uzi, mvi nikiambiwa mvi, kibiongo nikiambiwa kibiongo, na mwenyewe anaondoka amemkumbatia. Nina chumba kimoja cha mbele chenye dirisha la barabarani, cherehani ya kukanyaga, meza ya kukatia na benchi fupi la wateja. Hilo benchi ndilo nusu ya kazi, maana mtu akishakaa hapo anaanza kusimulia, alikuwa akicheka anafunika mdomo, alikuwa akisimama anaweka mkono kiunoni, na mimi huku nakata huku nasikiliza, mpaka anapoinuka nishajua mwanasesere wake atakaaje.

Sasa, shangazi yangu, ambaye ndiye aliyenilea na kunifundisha cherehani, alinipa amri moja ambayo sijawahi kuivunja: kitambaa chochote kikiingia mlangoni kinakwenda kwanza kwenye beseni. Alikuwa mkali huyo mama. "Ukikata kitu hujakifua kitakuja kukuumbua mikononi mwa mwenyewe," alikuwa akiniambia, na ni kweli, pamba ikipata maji husinyaa, rangi nyingine huchuja, na mwanasesere aliyeshonwa kwa kitambaa ambacho hakijafuliwa akija kulowa mara moja tu shingo inakunjamana yote. Tena hapa kwetu wateja wenyewe huleta nguo ikiwa safi na imepigwa pasi, nani ampelekee fundi nguo ya marehemu ikiwa chafu, ataonekanaje, kwa hiyo kufua kwangu ni kurudia tu, na kwa miaka kumi na sita sijalalamikiwa na mtu.

Mambo ya ng'ambo yaliletwa na mdogo wangu wa kike. Yeye anafanya kazi mapokezi kwenye nyumba ya wageni na anakijua vizuri Kiingereza, nami nilimpa mwanasesere mmoja, babu mwenye miwani, amweke kaunta. Akaja mgeni, mama mtu mzima, akamwona, akauliza ni nini, akaelezwa, akaangua kilio palepale na begi lake mkononi. Aliporudi kwao akamwandikia mdogo wangu kwamba kuna kikundi cha watu waliofiwa, wanakutana kila mwezi, na kumi na wawili kati yao wangependa niwashonee, nguo watanitumia kwa posta. Mshauri, nilifurahi mpaka nikachanganyikiwa, halafu nikaogopa, maana hao hawatakaa kwenye benchi langu, nitamjuaje marehemu kwa picha mbili za kwenye simu, nitajuaje alikuwa anawekaje mkono? Nikasema tujaribu mmoja kwanza. Yule mgeni akakubali, akasema aanze jirani yake, baba aliyefiwa na mkewe mwaka jana, ana binti wa miaka saba.

Kifurushi kilifika Jumanne. Ndani mlikuwa na gauni la nyumbani la pamba, buluu iliyopauka, vifungo mbele na mfuko mmoja wa pembeni, limetiwa ndani ya mfuko wa plastiki, na huo mfuko ndani ya mwingine, yote miwili imefungwa kwa mpira na kuzungushiwa selotepu mpaka nikatafuta mkasi. Nikamwambia mdogo wangu, tazama watu walivyo waangalifu, wanaogopa mvua. Nikalikunjua, nikaona doa la mafuta kwenye ule mfuko wake wa pembeni, nikasema masikini, mwanamume kabaki peke yake hata kufua hajui. Nikalitia kwenye beseni siku hiyohiyo, tena kwa kujipendekeza, maana huyu ni mteja wa ng'ambo, nikatumia na ile sabuni ya kutolea madoa, nikasugua pale mfukoni mpaka doa likatoka lote. Nikalianika uani, likapigwa na jua mchana kutwa, na jioni nilipolianua nilijisifu kwa sauti.

Alhamisi nilikuwa nimeshakata mikono ya gauni, mdogo wangu akaingia na simu, uso umemshuka, akanisomea ujumbe wa yule baba. Nakuandikia kama nilivyousikia, maana umenikaa kichwani neno kwa neno: "Samahani, nilisahau kukuambia jambo moja kubwa. Tafadhali usilifue. Mke wangu alilivaa wiki yake ya mwisho nyumbani. Mimi na binti yangu tunaufungua ule mfuko Jumapili tu, tunanusa kwa zamu, tunahesabu mpaka tano, tunaufunga haraka ili harufu isiishe. Lakini sasa binti ameniambia amechoka na mfuko, anataka mama wa kushika. Ndiyo maana nimekutumia."

Mshauri, nilikaa kwenye benchi la wateja, mimi mwenyewe. Nikalichukua lile gauni nikaliweka usoni. Lilinukia sabuni na jua, basi. Nikakimbilia ile mifuko ya plastiki, kumbe nilishatia humo mabaki ya pamba ya kujazia. Dobi wa nyumba ya pili alikuwa amekuja kuniomba uzi mweusi, akanikuta nimejifunika gauni usoni, akauliza kulikoni, nikamweleza, naye akacheka, akasema, "Shemeji, nguo ikishafuliwa imefuliwa. Mimi miaka yote hii sijaona mtu akairudishia uchafu wake." Halafu akaniona machozi, akachukua uzi akaondoka bila hata kuaga.

Hapo ndipo tulipoharibu zaidi. Mdogo wangu akasema tusimwambie, tukimwambia huyu, wale kumi na mmoja waliobaki wamekwenda. Akaandika: "Sawa, tumekuelewa." Maneno mawili hayo, mshauri, na mimi nimekaa pembeni naangalia kidole chake kikibonyeza. Kesho yake akapata wazo jingine. Akamwandikia yule baba kwa niaba yangu kwamba fundi angependa kumjua zaidi marehemu, je, alikuwa akinukia nini? Na yule baba akajibu papo hapo, ujumbe mrefu, kwamba alikuwa anapaka mafuta ya mikono yenye harufu ya waridi, akataja mpaka kopo lake lilivyo, kwamba alikuwa anapika amelivaa gauni hilo na kujifutia mikono kwenye mfuko, kwa hiyo lilikuwa na kitunguu kwa mbali, na mwisho akaandika: "Asante kwa kuuliza. Tangu afariki hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo." Nilijiona mwizi. Sijui namna nyingine ya kusema.

Mdogo wangu akaenda duka la dawa akarudi na mafuta ya mikono ya waridi, si yaleyale ila yanafanana. Tukachukua kipande kilichobaki kwenye mkato wa mikono, akakipaka, kisha, usicheke mshauri, akawasha jiko akakaanga kitunguu na kukining'iniza kile kipande juu ya sufuria kwa vibanio vya nguo. Mume wangu akaingia kutoka kazini, akasimama mlangoni, akasema, "Leo tunakula gauni?" Nikamjibu tunajaribu kitambaa, naye akatutazama kwa zamu, akaenda kuoga. Nilipokinusa kile kipande kilinuka kitunguu na duka la dawa. Hakikunuka mtu. Mdogo wangu akasema, "Dada, acha kujitesa, mtoto wa miaka saba atajua nini? Atanusa waridi, atafurahi. Nani atakuwa ameumia hapo?"

Nimeendelea kushona kwa sababu mikono ikikaa bure nawaza zaidi. Mwili umekamilika, nywele nimeshazitia, nusu ya gauni imebaki nimeikunja vizuri. Macho sijamtia. Kila nikichukua uzi wa macho natafuta kazi nyingine, nafagia, napanga vifungo ambavyo vimeshapangwa. Na yule baba kila baada ya siku mbili anaandika, mara binti ameshaandaa kiti cha kumkalisha, mara binti anauliza kama kwenye ndege watamweka na mizigo au atapewa siti. Jana kaandika kwamba siku hizi Jumapili hawana la kufanya, wanasubiri.

Na Ijumaa yule mgeni anataka jibu kuhusu wale kumi na mmoja. Nikikubali, chumba changu kitakuwa na kazi mwaka mzima na mdogo wangu ameshapanga hata rangi ya maboksi. Nikisema ukweli, nitaonekana fundi wa hovyo kwenye nchi nisiyoijua, na yule baba nitakuwa nimemfishia mkewe mara ya pili, ndivyo ninavyoona mimi. Nikinyamaza, labda kweli hakuna atakayeumia. Nisaidie mshauri: nimwambie, au nimpake yule mwanasesere mafuta ya waridi, nimtie macho, nimpeleke posta? Na hao wengine niwapokee, au niachane kabisa na mambo ya ng'ambo nibaki na benchi langu?

Ni mimi mshona wanasesere wa chumba cha mbele, mwenye hofu.

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu, umeandika karatasi nne na nukta nimezitafuta kwa miwani. Sikulaumu, mtu akiwa na hofu hapumziki hata kwenye sentensi. Vuta pumzi, kaa kwenye hilo benchi lako, tuzungumze.

Kwanza nikuondolee mzigo ambao si wako. Kulifua gauni hakukuwa kosa la uzembe. Ulifanya kile ambacho fundi yeyote mwenye akili angefanya, na kama ningekuwa mimi ningelifua vilevile na kujisifu vilevile. Huyo baba alituma nguo kwanza, maelezo akayatuma baadaye. Hilo lisemee moyoni tu. Ukimwambia yeye, mimi na wewe tutakosana.

Umesikia? Kufua nimekusamehe. Sasa kaa sawa, maana sijamaliza na wewe.

Lile swali, dada. "Alikuwa akinukia nini?" Unasema mdogo wako ndiye aliyeandika. Mdogo wako ana kidole, kweli, lakini mwenye kazi ni wewe na jina ni lako. Mwanamume amekaa mwaka mzima na msiba wake, hakuna aliyemuuliza habari za mkewe, anatokea fundi wa mbali anamuuliza, anafungua moyo wote mpaka kopo la mafuta, anasema asante, na ninyi mnayachukua maneno yake mnakwenda nayo duka la dawa! Halafu mnakaanga kitunguu. Nilicheka nilipofika kwa maneno ya mumeo, nakiri, huyo mzee ana kipaji. Lakini nilipomaliza kucheka nilikasirika, na bado nimekasirika kidogo. Kufua lilikuwa bahati mbaya iliyokukuta. Hili la waridi mmekaa mkalipanga, na bado hujalitenda, kwa hiyo bado una nafasi ya kutokulitenda.

Mdogo wako anauliza mtoto wa miaka saba atajua nini. Mwambie mshauri amesema atajua kuliko ninyi nyote. Wewe mwenyewe ulikinusa kile kipande ukasema hakinuki mtu, na wewe hujawahi kumwona marehemu hata siku moja. Itakuwaje kwa aliyelala kifuani pake?

Nikueleze kitakachotokea, maana nadhani hujakifikiria mpaka mwisho. Boksi litafika. Mtoto atamtoa mwanasesere, atamweka usoni, atanusa. Haitakuwa mama yake. Atamwambia baba, "Huyu si mama." Na baba, ambaye anaamini ulielewa, atamjibu kwa upendo kabisa, "Ndiye, mwanangu, fundi hakulifua, nusa vizuri." Atanusa tena. Haitakuwa yeye. Na mtoto huyo, kwa kuwa anamwamini baba yake, ataona kosa ni lake. Mliuliza nani ataumia. Ni huyo.

Kwa hiyo unamwambia, na unamwambia leo, usingoje Ijumaa. Usimwachie mdogo wako atunge, yeye atafsiri tu, na akiongeza hata koma moja nitajua. Mwandikie hivi, au karibu na hivi:

"Gauni lilifika Jumanne nikalifua siku hiyohiyo, kabla ujumbe wako haujanifikia, kwa sababu nafua kila kitambaa kabla ya kukata. Harufu imetoka. Nilipojua niliogopa kukuambia, na tulipokuuliza mkeo alikuwa akinukia nini tulitaka kuiga harufu yake. Nimeona ni vibaya na sitafanya. Nisamehe kwa yote mawili. Nusu ya gauni ipo kama lilivyo baada ya kufuliwa. Mwili wa mwanasesere nimeushona, uso bado. Niambie unataka nifanye nini, na lolote utakalosema nitalifanya."

Hapo acha. Usieleze habari za shangazi yako, usieleze una watoto wangapi, usieleze ulivyokonda. Msiba ni wake, usimpe kazi ya kukubembeleza wewe.

Anaweza kukuambia urudishe kila kitu. Rudisha, pamoja na kile kipande kilichokaangwa, na umwambie kimekaangwa. Anaweza kukaa kimya wiki nzima. Usimsumbue. Anaweza pia kukuambia endelea, maana binti bado anataka mama wa kushika, na mkono wa kushika hauhitaji harufu. Akisema hivyo, mpe wazo hili ambalo naona ajabu fundi mzima halikukujia: mwanasesere mwachie mfuko mgongoni, mdogo, wenye kifungo. Huenda huko nyumbani bado kuna kitu cha marehemu ambacho hakijaguswa na maji, foronya, skafu, glavu moja chini ya kabati. Kama kipo, baba akate kipande akitie humo mwenyewe, kwa mkono wake, kwake. Wewe usikione, usikiguse, kisipande ndege. Na kama hakipo, mfuko ubaki mtupu, mtoto atajua cha kutia.

Macho utamtia ukishapata jibu.

Sasa hao kumi na mmoja. Unaniuliza uwapokee au ubaki na benchi lako. Dada, naona unaogopa kitu ambacho sicho. Ng'ambo haijakukosesha. Kilichokukosesha ni kupokea nguo kabla ya kupokea habari zake, kitu ambacho hapo dirishani kwako hukifanyi kamwe. Hapo mteja anakaa, anaongea, ndipo unashika mkasi. Kwa huyu wa mbali ulishika beseni kabla hajasema neno. Basi hilo benchi lipeleke huko. Kabla nguo haijatoka nyumbani kwa mteja, mpigie kwa simu ya picha, mdogo wako akae katikati atafsiri, mteja awe amelipakata vazi lenyewe mapajani, aongee mpaka achoke. Muulize kama kuna kitu kwenye vazi hilo ambacho maji yatakiondoa. Halafu mwambie akate nusu abaki nayo, akutumie nusu. Asiyetaka kukata, usimlazimishe, lakini kazi yake usiipokee, maana kitu ambacho kipo kimoja tu duniani hakifai kuwa mikononi mwa mtu mwenye mkasi na beseni, hata awe fundi namna gani.

Na uwaambie kuhusu huyu wa kwanza. Ndiyo, wote, kupitia kwa yule mgeni, baada ya baba mwenyewe kujua na akikuruhusu. Wanakutana kila mwezi wanasimuliana mambo yao, unadhani hili halitafika? Likifika kutoka kwako, baadhi watajitoa na baadhi watabaki. Watakaobaki wanakutosha. Huna mikono kumi na miwili, anza na wawili, na mwambie mdogo wako maboksi yangoje. Huyo mdogo wako ana bidii, simkatai, ila bidii yake inahitaji kufungwa kamba kidogo.

Lakini kama huwezi kutuma huo ujumbe, usipokee hata mmoja. Wa ng'ambo wala wa hapo mtaani. Watu wanakuletea walichobakiwa nacho, na huwezi kufanya kazi hiyo huku ukijua unaweza kunyamaza.

Mumeo mwambie. Mwanamume akikuta mke wake anakaanga gauni anastahili maelezo.

Najua unaogopa huyo baba atakukasirikia. Atakukasirikia, dada, na ana haki, na utakaa na hasira yake kama mtu mzima bila kujitetea. Pengine atalia, na pengine atalia na binti yake Jumapili moja nzima. Lakini atamwambia mtoto ukweli, kwamba kuna mama mmoja wa mbali alilifua gauni bila kujua. Mtoto atakuchukia wewe, na wewe ni mkubwa, utaweza kuchukiwa. Afadhali ajue kwamba harufu ya mama yake iliishia kwenye beseni lako kuliko aamini kwamba iliishia kichwani mwake, kwamba yeye ndiye aliyemsahau.

Weka gazeti chini. Mwite mdogo wako na simu yake.